Naombeni ushauri: neema ya Marekani inageuka ufujaji wapi?

Mwanzisha uzi
Wakuu, heshima kwenu. Naandika insha ya chuo kuhusu namna sanaa na burudani za Marekani zinavyosifu wingi wa vitu. Msimamizi wangu anataka nionyeshe neema ya taifa inaishia wapi na ufujaji unaanzia wapi, lakini kila mfano ninaoushika unaangukia pande zote mbili.

Chukueni picha ya mchoraji Mmarekani Norman Rockwell iliyotoka katika jarida la Saturday Evening Post Machi 1943. Bibi mwenye aproni anatua batamzinga mkubwa mezani, babu kasimama nyuma yake, jamaa wameinamiana kwa tabasamu. Ilitokana na hotuba ya Rais Roosevelt ya Januari 1941, aliposema kila mtu ana haki ya kuishi bila ufukara. Ila Ulaya ilikuwa vitani, chakula kwa mgao, na Rockwell mwenyewe alikuja kusema kuwa huko wapo walioichukia kwa sababu waliona imepita kiasi. Niiweke upande gani? Au niachane nayo kabisa?

Kalamu Nyeusi
Usiiache, umeshika penyewe. Itazame tena taratibu. Kwenye glasi ni maji matupu, hakuna mvinyo. Sahani bado ni tupu, na ukimtoa batamzinga vilivyobaki ni vichache. Tena karibu hakuna anayemtazama huyo ndege, wanatazamana wao kwa wao. Kinachosifiwa pale ni uhakika wa kula pamoja na walio wako. Waliochukia nao walikuwa na haki, maana wao hawakuwa na nafasi kwenye meza ile. Kwa hiyo acha kupima ukubwa wa chakula. Uliza nani ameketi na nani amebaki nje.

Mtambuzi
Kalamu, hapo nakupinga. Julai 1959, kwenye maonyesho ya Marekani jijini Moscow, Makamu wa Rais Nixon alimwonyesha Khrushchev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, nyumba ya mfano yenye jiko la kisasa, akajigamba kuwa ni ya dola 14,000 na mfanyakazi wa kiwanda cha chuma anaimudu. Khrushchev akavikejeli vile vifaa. Kwa kipimo chako ile ni neema safi, kwa kuwa kila mtu amekaribishwa.

Sasa njoo 2004. Morgan Spurlock anatoa filamu akijilisha McDonald's pekee kwa siku 30, na Machi mwaka huohuo kampuni inatangaza kuondoa vile vipimo vikubwa zaidi vya chipsi na soda. Soda ile ilikuwa ya bei nafuu, haikumfungia mtu mlango. Ufujaji unaweza kuwa wa wote, na ule wa wote ndio mgumu kuuona. Mimi ningeuliza: kilichoongezwa kinamsaidia nani?

Bi Mkubwa
Mwanangu, usiifanye insha nzima kuwa ya walafi. Mwaka 1933 serikali ya Marekani ilinunua nguruwe wapatao milioni 6, wengi wao wachanga, ikawachinja ili bei ya nguruwe isizidi kushuka, na watu wakiwa na njaa. Hapo hakuna aliyekuwa akila kupita kiasi. Kilichoharibika ni mpango wa kukifikisha chakula kwa wenye njaa, na ghadhabu ya wananchi ndiyo iliyoisukuma serikali kuanza kugawa ziada kwa maskini mwaka uleule.

Mwanzisha uzi
Shikamoo Bi Mkubwa, na asanteni wote. Nimeamua picha ya Rockwell iwe uti wa mgongo, 1933 itangulie kwa sababu waliofungua gazeti lile 1943 walikuwa bado wanaikumbuka njaa. Hoja ya Mtambuzi nataka niijibu, nisiifiche. Je, 1959 niiondoe?

Mtambuzi
Ibakize, ila fupi. Aya moja tu, na uitumie kuonyesha lini jiko lilianza kuhesabiwa kuwa ushahidi wa ubora wa taifa. Ukiirefusha utajikuta unaandika siasa za Vita Baridi, na msimamizi atakurudisha.