Episodi za upelelezi kwenye katuni za kawaida: ipi imesukwa kwa haki?

Mpenda_Fumbo
Wadau, habari za jioni. Wapwa zangu wanakuja likizo, mkubwa ana miaka 13, mdogo 8. Wao ni watu wa katuni, mimi ni mtu wa hadithi za upelelezi. Natafuta episodi ya upelelezi ndani ya katuni ambayo siku zote inahusu mambo mengine. Nimebaki na mbili: "Who Shot Mr. Burns?" ya The Simpsons, na "Avatar Day" ya Avatar: The Last Airbender. Kipimo changu ni kimoja: vidokezo vyote viwe vimeonekana kabla mhalifu hajatajwa. Mnasemaje? Huku chini wahalifu watatajwa, ambaye hajaziona asiendelee.

Kachero_wa_Pwani
Mkuu, kwa kipimo hicho Simpsons haina mpinzani. Sehemu ya kwanza ilirushwa 21 Mei 1995, jibu likaja 17 Septemba. Miezi karibu minne watu wanabishana, na jibu liko mbele ya macho yao! Burns, yule tajiri aliyepigwa risasi, anapoangukia saa ya jua, mikono yake inaelekea herufi W na S zilizoandikwa hapo. Itazame kutoka upande aliolala yeye: W inakuwa M. Maggie Simpson, mtoto mchanga wa familia.

Kidokezo ninachokipenda zaidi ni kingine. Mapema kabisa unatajwa urahisi wa kumnyang'anya mtoto mchanga pipi, na Burns anaona ni mchezo mzuri, anataka kuujaribu papo hapo. Watu wakacheka, wakapita. Kumbe ndicho alichokwenda kufanya: alipokuwa anamvuta Maggie pipi yake ya kijiti, bastola ikaponyoka, ikatua mikononi mwa mtoto, ikafyatuka. Hapo mwandishi hajaficha kitu.

Bi_Rehani
Kaka Kachero, kwenye vidokezo nakubali. Ila "Avatar Day" ya 2006 ina ujasiri ambao Simpsons haina. Kijiji cha Chin kinamshtaki Aang, Avatar wa sasa, kwa mauaji ya mtawala wao Chin yaliyofanywa na Avatar Kyoshi miaka 370 nyuma, maana Avatar ni roho moja inayozaliwa upya. Sokka, rafiki yake Aang, anavaa kofia ya kikachero na kiko mdomoni, anapima alama ya mguu: ni ndogo, na Kyoshi alikuwa na miguu mikubwa kuliko Avatar yeyote. Hoja imekaa sawa kabisa. Kisha Kyoshi mwenyewe anatokea kupitia mwili wa Aang na kusema wazi kwamba ndiye aliyemuua Chin. Mpelelezi kafanya kazi safi na ukweli umemkataa! Na bado Sokka ni yuleyule Sokka, hawajamgeuza mtu mwingine ili episodi iende.

Kachero_wa_Pwani
Lakini dada, hapo kipimo cha mleta mada kimevunjika. Sisi tuliokua na Bwana Msa, kachero wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, tunataka akili ndiyo ifungue fumbo. Muuaji akija kukiri mwenyewe, nilikuwa napima nyayo za nini?

Bi_Rehani
Ulikuwa unamtetea Aang, na kesi ile haikuwa ya haki tangu mwanzo. Adhabu yenyewe wanaichagua kwa kuzungusha gurudumu!

Chai_ya_Tangawizi
Mdogo wa miaka 8 mmemsahau. Mpe "MMMystery on the Friendship Express" ya My Little Pony, ya 2012. Keki ya mashindano inaliwa usiku ndani ya treni. Farasi Pinkie Pie anarukia kushutumu kila mpishi huku mwenzake Twilight akiokota alama: unyoya wa buluu, unywele wa waridi, kope ya bandia. Anayewajua farasi hao anaweza kuwataja wezi watatu kabla ya Pinkie. Kwa mtoto, hiyo ni raha kubwa. Family Guy nayo ina "And Then There Were Fewer", imetengenezwa kwa ustadi, lakini kwa watoto hapana.

Mpenda_Fumbo
Asante dada. Na mkubwa? Zote hizi atasema za kitoto.

Chai_ya_Tangawizi
Star Wars: The Clone Wars, episodi nne za mwisho za msimu wa tano, 2013. Hekalu la Jedi, wapiganaji walinzi wa amani, linalipuliwa, na mwanafunzi wao Ahsoka anasingiziwa. Bomu lilikuwa ndani ya mwili wa fundi mmoja, amelishwa kwenye chakula. Na Ahsoka anaposafishwa jina na kuombwa arudi, anakataa. Atakaa kimya huyo.

Kachero_wa_Pwani
Hiyo sawa. Ila Simpsons usiwaonyeshe sehemu zote mbili siku moja. Zima Burns akishaanguka, kila mtu aandike jina kwenye karatasi, muendelee kesho.