MJADALA: Njaa ya vita vya Maji Maji, watoto tuwaandikie kwa ushairi au kwa nathari?

MwanaMatumbi

Wakuu habarini za jioni. Kuna jambo linanikaa kooni tangu mwezi uliopita, naomba tulijadili kwa kina maana naona si la kwangu peke yangu.

Nimeandika hadithi ndefu ya binti wa miaka 12 wa milima ya Matumbi, Kilwa. Inaanza Julai 1905 watu walipong'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kulima na Wajerumani pale Nandete, inaishia 1907 yeye na mdogo wake wakiwa wamebaki wawili tu kwenye ukoo. Yote ni ushairi. Kuna sehemu ni utenzi kabisa, mishororo minne mizani nane, na kuna sehemu nimeziachia, mistari mifupi mifupi haina vina. Nikaipeleka kwa mchapishaji mmoja, jibu likawa mtoto hasomi shairi refu, mtoto anataka hadithi, rudi kaandike nathari, yaani maandishi ya kawaida yasiyo ya mashairi, halafu upunguze huzuni.

Nimekaa nalo hilo jibu na bado silikubali, na sababu yangu ni hii. Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani tunavyowafundisha watoto ni mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, maji yake yaliyochanganywa na mtama ili risasi zisidhuru watu, kunyongwa kwake Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, basi. Lakini wengi hawakufa kwa risasi jamani. Wajerumani walichoma vijiji, wakachoma mashamba, wakachukua akiba na mbegu, na maafisa wao wenyewe waliandika kwamba njaa ndiyo itakayomaliza vita. Hesabu ya Wajerumani ni watu 75,000, wanahistoria wengine wanafika 300,000, na sehemu kubwa ni njaa na magonjwa yaliyofuata. Sasa njaa unaiandikaje? Nathari inataka kila ukurasa kitu kitokee, mtu aje, mtu aondoke, na njaa haina tukio, jana hakuna leo hakuna kesho hakuna. Kwenye utenzi kina cha mshororo wa nne kinarudi kila ubeti mpaka mwisho, kama ule mlo ambao haupo unavyorudi kila jioni mtu akikaa jikoni. Mi sijaona namna nyingine ya kumfanya mtoto aliyeshiba aisikie njaa ya miaka miwili bila kumchosha. Mfano:

*Tuliamka mapema*
*ghala halina mtama*
*kisha akasema mama*
*ming'oko tukaichimbe*

Na kila ubeti wa sura hiyo ya ming'oko, vile viazi vya porini, unaishia na -mbe. Naomba kuwasilisha.

Mwl. Darasa la Sita

Mkuu hongera kwa kazi ila nakupinga, na nakupinga kwa nia njema kabisa. Mi nafundisha Kiswahili mwaka wa kumi na moja huu. Mtoto akisikia neno ubeti tu mabega yanashuka, kwa sababu anajua kinachofuata: taja vina vya mwisho, mizani ni mingapi kila mshororo, kichwa kinachofaa ni kipi. Hajawahi kuulizwa huyo anayesema kwenye shairi yuko wapi na kwa nini analia. Leo umpe kurasa mia na zaidi za kitu anachokijua kama mtihani? Hatakifungua.

Halafu kuna mambo lazima yaelezwe. Akida ni nani, jumbe ni nani, hao viongozi waliotumiwa na Wajerumani kusimamia watu, kwa nini watu walilazimishwa kulima pamba ya serikali. Kwenye nathari unaweka aya moja unaendelea. Kwenye beti utayaweka wapi?

MwanaMatumbi

Mwalimu hilo la mtihani nakubali linaumiza, ila hapo kosa ni la namna tunavyofundisha, ushairi wenyewe haujamkosea mtoto. Mtoto huyohuyo anaghani singeli nzima toka mwanzo mpaka mwisho na hakuna aliyemhesabia mizani.

Kuhusu akida, binti hamwelezi akida, anamwona. Kuna ukurasa wangu una mistari minne tu:

*Baba amerudi usiku.*
*Nywele zake zina pamba.*
*Shamba letu lina majani*
*yamenifika kiunoni.*

Hapo mtoto ameshajua kazi ya lazima ni nini, na kwa nini nyumbani hakutakuwa na chakula hata kabla moto haujawashwa. Tarehe na vyeo nitaweka kurasa mbili za maelezo mwishoni.

Msomi wa Nyaraka

Naingilia kati maana mi hofu yangu ni nyingine kabisa na naona hamjaigusa. Kina kinadanganya. Mtunzi akishapata "mapema" na "mama" anatafuta neno la tatu linaloishia na -ma, na historia inamfuata. Sasa nakuuliza mkuu na naomba unijibu kweli, huo mtama kwenye ghala umeuweka kwa sababu ulikuwepo au kwa sababu ya "mapema"?

Si swali dogo. Angalia ilivyokuwa kwa tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ya 1969. Mwandishi alisema wazi kabisa kwamba huyo ni mtu wa kubuni na si yule wa kihistoria, lakini nenda kawaulize watu waliopita sekondari, maneno ya kwenye jukwaa ndiyo wanayoyajua kama historia, na hata jina wanaliandika kwa tahajia ya tamthilia. Na ile ni tamthilia, haikuwa na vina. Kitu kikishaghaniwa hakifutiki tena kichwani, mtoto atazeeka nacho.

Na vyanzo vipo. Mwaka 1968 Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilipeleka wanafunzi vijijini wakakusanya masimulizi ya wazee waliokuwepo. Hebu fikiria wale wazee walikuwa na umri gani 1905. Wengi walikuwa watoto! Kwa hiyo sauti ya mtoto wa Maji Maji tunayo tayari, tusiibadilishe kwa ajili ya -ma.

MwanaMatumbi

Nakujibu kweli kama ulivyotaka. Mtama uliletwa na kina, ndiyo. Ulikuja kwanza kalamuni, halafu ndo nikaenda kuuliza nyumbani kwa wazee, wakaniambia mtama na mpunga vyote vililimwa, nikauacha. Lakini kuna mahali sikuwa na bahati hiyo. Niliandika Kinjikitile alinyongwa asubuhi, nikaulizwa na mjomba nimeitoa wapi asubuhi, nikakosa jibu, ilikuwa imekuja kwa sababu ya "Wallahi" na "sahihi". Nimeufuta ubeti mzima.

Ndo maana nikachanganya. Kanuni yangu sasa ni kwamba kina kikinitaka niseme nisilolijua, navunja, naandika mistari huru hapo hapo.

Wa Mvita

Salaam aleikum wote. Ndugu yangu, nimekufuata vizuri mpaka hapo kwenye "navunja". Wavunja nini? Utenzi ukiuvunja si utenzi tena, ni masivina, mashairi yasiyofuata vina, na mambo haya yalijadiliwa sana miaka ya sabini sina haja ya kuyafufua hapa. Ila nakwambia kama mtu niliyelelewa na tenzi, kina kikikukatalia ukweli, maana yake hujalitafuta neno. Lugha hii ni bahari. Tazama, nakutungia kwa kituo chako hicho hicho cha -mbe na sisemi lisilokuwepo:

*Moto umekula shamba*
*na paa la kila nyumba*
*hata mbegu kwa mjomba*
*hazipo tukaziombe*

Waona? Uongo uko wapi hapo?

Na hili la kusema ushairi wa historia ni mgeni kwa watoto lanistaajabisha. Mwana Kupona mwaka 1858 alimtungia bintiye utenzi, tena akiwa mgonjwa. Vita vya Abushiri na Wajerumani huku pwani vya 1888 na 1889 alivitungia utenzi Hemedi bin Abdallah wa Tanga. Hayo Maji Maji yenyewe yana utenzi wake, wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, ulitungwa kabla kizazi kile hakijapita. Hatukungoja mtu aje atufundishe kuandika shida zetu kwa mashairi. Na tenzi hazikusomwa kimya kama gazeti, zilighaniwa watu wamekaa. Mekatilili wa Menza mwaka 1913 aliwaamsha Wagiriama kwa ngoma ya kifudu. Rekodi sauti, ndugu yangu, uwape watoto waisikie, hapo mwalimu hatasema tena mabega yanashuka.

Msomi wa Nyaraka

Ubeti wako mzuri kweli na nauondolea kofia. Lakini niongeze kidogo, huo utenzi wa Lindi mtoto wa leo hauwezi bila mtu wa kumsaidia kila mstari, na unasimulia vita kwa macho ya mtu mzima wa mjini pwani. Binti wa kule milimani hayumo. Kwa hiyo pengo la mwenzetu bado lipo.

Na kwa ambao watasema ni mambo ya kuiga, ni kweli wenzetu nao wanayo, mwaka 1998 Marekani tuzo ya Newbery ya vitabu vya watoto ilipewa Out of the Dust ya Karen Hesse, hadithi ya binti wa Oklahoma kipindi cha dhoruba za vumbi miaka ya 1930, yote kwa mashairi huru. Inathibitisha kwamba mtoto anaweza kusoma kitabu kizima cha namna hiyo, haithibitishi kwamba sisi tuache vina.

Mama Wawili

Mi niko Songea. Sijui mizani wala masivina ila nina watoto wawili, wa miaka 11 na 14, na hapa kwetu kila tarehe 27 Februari tunakumbuka watu 67 walionyongwa siku moja mwaka 1906. Rais wa Ujerumani alipokuja hapa Novemba 2023 akaomba msamaha, yule mwanangu mdogo aliniuliza mama walifanya nini mpaka mtu mkubwa vile anaomba msamaha. Nikamjibu kwa sentensi mbili nikanyamaza, sikuwa na kitabu cha kumpa. Kwa hiyo mwandishi nakuombea kitabu kitoke, kwa namna yoyote.

Lakini naomba unisikilize hapa. Huo utenzi unacheza. Nimewasomea wanangu ule ubeti wako wa ming'oko sasa hivi, na kabla sijamaliza yule mdogo ameshaanza kupiga meza kwa vidole. Sawa, njaa inayojirudia nimekuelewa, na akakariri papo hapo. Ila ukifika kwenye kunyonga watu, mtoto apige meza? Apige makofi? Hapana baba. Hapo usiweke mdundo. Na usimfiche pia, hiyo ya "punguza huzuni" mi sikubaliani nayo, watoto wetu kisa cha Sayyidna Omar na yule mama aliyechemsha mawe ili wanawe walale wanakijua toka wadogo, mbona hakijawadhuru, wanalia kidogo wanauliza maswali wanalala.

Karani wa Duka la Vitabu

Kwa upande wa biashara niseme moja tu. Mashairi yanakula karatasi, ukurasa nusu mweupe, kitabu kinakuwa kinene na bei inapanda, mzazi anakishika anapima anakirudisha. Mchapishaji huenda alikuwa anaogopa hilo akasingizia mtoto. Muulize kuhusu safu mbili kwa ukurasa, mishororo mifupi ya utenzi inaingia vizuri.

MwanaMatumbi

Safu mbili sikuifikiria kabisa, asante sana karani, kwa zile sura za utenzi inawezekana.

Mama Wawili umenigusa mahali ambapo hata mjomba hakufika. Nilikuwa naona mistari huru ni pa kukimbilia kina kikinishinda, kumbe kazi yake kubwa ni hiyo uliyosema, pale ambapo mdundo ni kumkosea heshima aliyekufa. Nimerudi kwenye mswada nikahesabu. Sura ya Mohoro nilikuwa nimeiandika beti 22 za utenzi, tena nilikuwa najivunia. Nazitoa zote. Binti hakuwepo Mohoro, habari imemfikia kwa mdomo wa watu waliopita njiani, kwa hiyo ukurasa huo utakuwa na alichosikia tu, mistari mitatu minne, na baada yake utenzi unarudi kwa sababu asubuhi inayofuata bado lazima waende kuchimba.

Kaka wa Mvita, ule ubeti wako naomba ruhusa. Kuhusu kuvunja hatutakubaliana leo, najua. Nikibaki na -mbe kila mahali nitakuwa nimemdanganya mama wa Songea, nikiivunja kila mahali nitakuwa nimekudanganya wewe.

Wa Mvita

Ruhusa unayo, na usiandike jina langu. Lakini hizo beti 22 usizichome, ziweke. Na penye mistari huru usiite utenzi, hilo tu nakuomba.

Mwl. Darasa la Sita

Mi bado sijashawishika kwa kitabu kizima, nasema ukweli. Ila hilo la yule mtoto wa Songea kupiga meza limenikalia, kwa sababu wanangu darasani hawajawahi kupiga meza kwa shairi lolote nililowapa. Nina kipindi Jumatano, watoto 64 na vitabu havitoshi, kwa hiyo itabidi niwasomee mwenyewe. Nitumie kurasa chache. Sitawaambia ni ushairi, sitauliza mizani, nitasoma halafu ninyamaze nione nani atauliza swali na ni swali gani. Wakisinzia nitakuja kusema hapa hapa.

MwanaMatumbi

Nimekutumia kurasa 30 za mwanzo mwalimu, mpaka pale moto unapofika kijijini. Sura ya ming'oko imo nzima, isome jioni kwanza peke yako kwa sauti maana kuna majina ya mahali yanataka pumzi. Ya Mohoro sijaitia, bado nina mistari miwili tu na wa pili sijui kama ni wa kweli. Jumamosi naenda kwa mjomba kumuuliza.