Siku kumi Ufilipino, kulala na kula samaki: Moalboal, El Nido au Dumaguete?

NesiDoha
Wakuu, salaam. Nina likizo ya siku kumi mwezi wa pili na safari hii siendi nyumbani. Kila nikienda Tanga narudi nimechoka kuliko nilivyoondoka: harusi mbili, msiba mmoja, na wajomba wamepanga foleni na shida zao. Mimi na mzee wangu tunataka kulala, kuogelea kidogo na kula samaki, basi.

Wodini kwetu Wafilipino ni wengi kuliko sisi, na kila mmoja anavutia kwao. Mmoja anasema Moalboal, kisiwa cha Cebu. Mwingine El Nido, kule Palawan. Wa tatu, mama mtu mzima asiyesema sana, aliniambia tu, "Nenda Dumaguete, ukale." Ni mji wa kisiwa cha Negros. Nani kafika? Masharti yangu: muziki wa usiku sitaki, nguruwe hatuli, na mzee magoti yake mabovu.

Mpiga_mbizi_Likoni
Moalboal nimeenda mara mbili na nitarudi. Pale Panagsama unaingia majini hapo hapo ufukweni, unapiga mikono kidogo, mara chini panakatika kama ukuta, na kwenye ukuta huo kuna dagaa. Usifikirie fungu la sokoni. Ni wingu zima, linakuzibia jua. Ukipitisha mkono linapasuka, halafu linajifunga tena nyuma yako. Wapo mwaka mzima na huhitaji boti. Kutoka Cebu mjini ni basi, mwendo wa kama saa tatu.

Ila kwa masharti yako, dada, sijui. Panagsama ufuko wake mawe matupu, mchanga mweupe uko Basdaku, inabidi upande pikipiki. Maporomoko ya Kawasan wanayosifia ni kuruka toka juu ya majabali, mzee hayamfai. Na usiku baa zipo. Mimi nilipanga nyumba ambayo ukuta wake na spika ya jirani vilikuwa kitu kimoja.

El Nido nayo ni nzuri kupita kiasi, na kila mtu anajua hivyo. Miamba ya chokaa imesimama wima baharini, Ghuba ya Bacuit yote. Safari za visiwani zina majina ya herufi, A mpaka D, na asubuhi boti zote zinaondoka kwa pamoja kama daladala. Kupanda boti ni kutembea majini mpaka kiunoni. Kama hamtafuti ndege ya kushuka pale pale, ukitua Puerto Princesa una saa tano au sita za barabarani. Ni Nungwi wiki ya Krismasi.

Baharia_Mstaafu
Mwanangu Nesi, msikilize yule mama.

Nimekaa melini miaka kumi na minane, na karibu kila mpishi aliyenilisha alikuwa Mfilipino. Serahangi wetu mmoja (mkuu wa mabaharia wa sitaha) kwao ni Dumaguete, akanialika, nikakaa wiki mbili. Wewe wa Tanga utanielewa upesi: ule mji ni Tanga. Majengo hayafanani, ila mwendo ni ule ule. Mji wa wanafunzi (Chuo Kikuu cha Silliman kiko pale tangu 1901) na wastaafu, na una barabara ya ufukweni, Rizal Boulevard, ambako jioni watu wanatoka kukaa juu ya ukuta kutazama bahari. Hawana jingine la kufanya pale. Wenyewe wanauita mji wa watu wapole. Usafiri ni pikipiki yenye kibanda ubavuni.

Sasa chakula. Amka saa kumi na mbili asubuhi, nenda soko kuu, uliza *painitan*. Ni mabenchi yaliyozunguka majiko. Utaletewa *puto maya*, mchele unaonata uliopikwa kwa mvuke na tui na tangawizi, pembeni embe bivu, na kikombe cha *sikwate*. Sikwate ni kakao iliyokaangwa, ikasagwa, ikakandwa vidonge. Kidonge kinayeyushwa kwenye maji ya moto na kupekechwa kwa upekecho wa mti mpaka povu lisimame. Nzito, chungu kidogo, ina chengachenga ulimini. Unachovya wali humo humo. Siku ya kwanza nilikula kwa mkono, mama muuzaji akanitazama, akacheka, akaniongezea embe.

Mchana tafuta *sutukil*. Ni maneno matatu ya Kibisaya yamebanwa kuwa moja: kuchoma, kuchemsha, na kutia siki. Unachagua samaki mmoja mkubwa, unasema kichwa kiende kwenye mchuzi, mkia juu ya makaa, mnofu wa katikati ufanywe *kinilaw*. Mchuzi wanatia mchaichai na majani ya mlonge. Ndiyo, mlonge huu huu tunaoumeza kama dawa, wao kwao ni mboga. Kinilaw ni nguru mbichi, amekatwa vipande, akatiwa siki ya mnazi, tangawizi, kitunguu na pilipili. Usiogope. Siki inambadilisha mbele ya macho yako, anatoka kung'aa kama kioo anakuwa mweupe kama aliyepikwa. Wali unakuja ndani ya kifuko kilichosukwa kwa makuti machanga, wanakiita *puso*. Unakipasua kwa kisu.

Mtu_wa_Bara
Mzee, usifiche. Dumaguete mjini hakuna pa kuogelea. Mtu atoke Doha akakae ukutani?

Baharia_Mstaafu
Kweli kabisa. Ndiyo maana unalala Dauin, mwendo wa nusu saa hivi kusini, mjini unakuja kula tu. Ila mchanga wa Dauin ni mweusi, wa volkano. Anayetaka picha za mchanga mweupe atanuna. Mimi niliona maji yake matulivu kuliko yote niliyooga huko.

Na ukiwa Dauin, Jumatano usikose Malatapay. Ni mnada kweli kweli, ng'ombe, mbuzi, samaki, mikeka, chini ya miti kando ya bahari. Boti za kisiwa cha Apo zinatokea hapo hapo. Apo kasa wanakula nyasi kwenye maji ya kiunoni, wala hawakujali. Wavuvi wa pale na wanasayansi wa Silliman walianza kulilinda eneo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1980, na matunda yake yanaonekana.

BintiPaje
Mimi nachangia moja tu, limenikera na kunichekesha. Dumaguete waliniwekea saladi ya *guso*, na siki, nyanya, tangawizi. Naangalia vizuri, ni mwani! Huu wa kwetu. Mbegu ya mwani tulioanza kupanda Paje na Jambiani mwaka 1989 ilitoka Ufilipino. Miaka yote hiyo mama zetu wanainama majini, tunaukausha, tunausafirisha nje, na wenye mbegu wanaula na samaki wa kuchoma! Ni mtamu, unakatika kwa meno.

Halafu tafuteni *bibingka*. Unga wa mchele, tui, makaa chini na makaa juu, unaokwa juu ya jani la mgomba. Bibi yangu angesema ni mkate wa kumimina uliosahaulika iliki.

UmmKhalfan_Muscat
Nesi, suala la nguruwe lisikilize vizuri. Kule hajifichi kwenye nyama tu, yuko kwenye mboga. Ijumaa wanapika choroko, utafurahi kweli, kumbe ndani mna ngozi ya nguruwe ya kukaanga. Tambi, mboga za majani, hata mchuzi mwingine, hivyo hivyo. Jifunze sentensi moja, *walay baboy*, yaani bila nguruwe. Hiyo ni ya Cebu na Dumaguete. Palawan sema *walang baboy*. Sisi tulikula samaki siku zote, tena tukimwambia mchomaji afute wavu kwanza. Hakuna aliyenuna. Kuku na ng'ombe tuliacha, kwa sababu nyama ya halali huko Visaya (visiwa vya katikati, pamoja na Cebu na Negros) ni ya kutafuta kwa tochi.

Mtu_wa_Bara
Na Siquijor je? Iko hapo ng'ambo ya Dumaguete, meli ya saa moja na kitu, mchanga mweupe upo. Ila nasikia kisiwa cha wachawi, kama Pemba.

BintiPaje
Pemba imekukosea nini wewe?

Mtu_wa_Bara
Nimefuta kauli 😅

Mpiga_mbizi_Likoni
Siquijor nzuri kwa usiku mbili tatu, maana waganga wenyewe siku hizi wanapiga picha na watalii. Nesi, mwezi wa pili umechagua vizuri. Upepo wao wa wakati huo, *amihan*, ndio kaskazi yetu, na mvua kule ni chache. Mimi nilikwenda Port Barton, kule Palawan, mwezi wa nane, *habagat*, yaani kusi yao, imeshika, boti zikazuiwa kutoka siku tatu mfululizo. Nilimaliza karata zote ninazozijua.

Njia: Dubai kuna ndege ya kwenda Cebu, halafu basi la njano mpaka Liloan ncha ya kusini, vuka kivuko kama nusu saa, unatua Sibulan, Dumaguete hiyo hapo. Mzee akilalamikia basi, pandeni meli moja kwa moja toka Cebu. Pasi ya Tanzania haihitaji viza kwa siku thelathini, ila shika tiketi ya kurudi, na fomu ya kuingia nchini ya mtandaoni, eTravel, ijazwe ndani ya siku tatu kabla ya kufika.

NesiDoha
Ahsanteni sana. Mzee kasoma yote, kaniuliza swali moja tu: huo mnada wa Jumatano mbuzi anauzwaje? Nikajua tumeshaamua. Usiku sita Dauin, mmoja Siquijor, miwili Dumaguete mjini karibu na soko. Moalboal itangoja magoti mapya.

Jana zamu ya usiku nikamwambia yule mama tumekata tiketi. Hakusema kitu. Saa tisa hivi nikakuta mezani kwangu vidonge viwili vya kakao vimefungwa kwenye karatasi. Sasa, wa Doha humu, upekecho wa mti unapatikana wapi?

Baharia_Mstaafu
Melini tulitumia uma mbili, mwanangu, umezishika pamoja. Povu linatoka.