Mrejesho: mavazi ya mwindaji wa bata maji

Wakuu, lile swali langu la koti la mteja, mwindaji mwenye kibali hapa Mtwara, kuvuja mabegani limepata jibu. Mliosema kitambaa hakina kosa, maji yanapita kwenye matundu ya sindano, mlilenga penyewe. Nimehamisha mishono kutoka mabegani, iliyobaki nikaikunja mara mbili na kuipaka gundi ya mpira kwa ndani. Halivuji tena.

Jasho sasa! Kwa joto letu hili, plastiki inamlowesha mtu kutoka ndani. Nimeacha uwazi mgongoni, juu yake kipande kinachoning'inia kama kigae.

Suruali ya kufika kifuani ina mkanda kiunoni, akiteleza isijae maji. Rangi ya tope, isiyong'aa. Bata wana macho hao. Kimebaki kifuniko cha mfuko wa risasi: kikiziba vizuri, hakifunguki haraka. Mwenye wazo?