Mjadala: Mount Gelai liwashwe tena au libaki baridi makumbusho?

Mleta mada:
Wakuu habari zenu. Jumapili nilipeleka watoto Makumbusho ya Reli hapa Nairobi, mdogo akasimama mbele ya lile garimoshi 5918 Mount Gelai akaniuliza baba hili linatembea? Nikakwama, manake jibu lake ni refu.

Kwa wasiolijua, Gelai ni moja kati ya magarimoshi 34 ya daraja la 59 yaliyotengenezwa na Beyer Peacock kule Manchester mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya Reli za Afrika Mashariki. Tani 252 hivi. Kwenye reli ya upana wa mita moja dunia nzima haijawahi kuwa na garimoshi la mvuke lenye nguvu kulizidi. Ndiyo yaliyokuwa yanapandisha mizigo kutoka Mombasa kwenye usawa wa bahari mpaka Nairobi zaidi ya mita 1,600 juu, na leo yamebaki mawili tu, Gelai na mwenzake 5930 Mount Shengena. Gelai lilishawahi kufufuliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 likavuta treni za watalii.

Sasa swali. Mashine kama hii ikiharibika, tuitengeneze itembee au tuipake rangi ikae? Mi nasema itengenezwe, na si kwa ajili ya watalii. Ukiacha kuwasha, baada ya miaka michache hakuna tena mtu anayejua kuziba mrija unaovuja wala kurekebisha valvu kwa kusikiliza mlio wa moshi, na hiyo kazi haisomwi kwenye karatasi, kijana anaishika akiwa amesimama karibu na mzee anayeifanya. Karibuni.

Mkaazi wa Makadara:
Ndugu nakuheshimu lakini hapana. Mi kila asubuhi napanda treni ya abiria kuingia mjini, tunabanana mpaka mlangoni. Kama kuna hela ya karakana iende huko kwanza.

Na tusidanganyane kuhusu gharama. Angalia Waingereza, makumbusho yao ya taifa ya reli walinunua garimoshi la Flying Scotsman mwaka 2004 kwa pauni milioni 2.3, likaingia karakana 2006 likatoka 2016, miaka kumi! Walipofungua wakakuta nyufa kwenye fremu, kila hatua inazaa nyingine, bili ikafika pauni milioni 4.2. Hiyo ni nchi yenye mafundi na viwanda na watu wanaochanga pesa zao kwa mapenzi tu. Alafu kuna garimoshi lao jingine la mvuke, Tornado, hilo ni jipya kabisa, lilikamilika 2008, lakini Aprili 2018 likafia njiani na abiria nyuma, sehemu ya ndani inayoendesha valvu ikaharibika. Kama la miaka kumi linafanya hivyo la miaka 70 litafanyaje?

Na Beyer Peacock wenyewe walifunga kiwanda 1966. Spea utaagiza kwa nani? Kila kitu usubu upya, ukereze upya. Mtoto wako anaweza kulipanda likiwa limesimama, aguse chuma, apige picha, hakuna kibaya hapo.

Fundi mstaafu:
Vijana wangu salaam. Nimefanya kazi ya boila, yale mapipa makubwa ya chuma yanayochemsha maji yawe mvuke, miaka mingi, kwanza za reli alafu za viwandani, naomba niseme kidogo manake naona mnabishana kuhusu kuharibika kana kwamba kuharibika ni kwa aina moja.

Kuna kuharibika kwa nje. Beringi imechemka, pistoni inavuja, bomba limepasuka. Haya magarimoshi ya aina ya Garratt boila limekaa katikati na injini mbili ziko mbele na nyuma, kila moja inakata kona kivyake, kwa hiyo bomba za mvuke zinapita kwenye viungo vya duara vinavyocheza, na hivyo viungo vikichakaa vinatoa mvuke kama birika. Inaudhi, inapoteza nguvu, lakini haiui mtu ghafla. Unasimamisha, unatengeneza, unaendelea. Hata hiyo Tornado mnayosema iko kundi hili, abiria walichelewa, wakarudi nyumbani wazima.

Alafu kuna boila. Boila halichelewi. Daraja la 59 lilikuwa linabeba presha ya pauni 225 kwa kila inchi ya mraba. Paa la tanuri juu yake kuna maji, chini yake kuna moto, na hayo maji ndiyo pekee yanayozuia chuma kulainika. Yakishuka paa likabaki wazi, chuma kinakuwa chekundu, kinalegea, kinasukumwa chini na yale maji yote ya moto yanageuka mvuke kwa mara moja, na maji yakiwa mvuke wa kawaida yanataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya mwanzo. Hesabu mwenyewe.

Mnajua Gettysburg Marekani, Juni 1995? Treni ya watalii, garimoshi la kuhifadhiwa kama hili. Maji yalishuka, na waliokuwa kwenye kibanda cha dereva hawakujua kwa sababu vitundu vya kupeleka maji kwenye kioo cha kuonyesha kimo vilikuwa vimezibwa na ukoko. Ukoko huu huu mnaouona mweupe ndani ya birika la chai nyumbani. Watu watatu wakaungua vibaya, ni bahati hakufa mtu. Wamarekani wakabadilisha sheria, sasa garimoshi likifikisha siku 1,472 za kazi au miaka 15, lipi litangulie, linafumuliwa lote na kukaguliwa. Waingereza wao wanahesabu miaka 10 kwa boila.

Na mimi nilishaona. Safari moja ya watalii miaka mingi iliyopita, sitasema ya nani, injekta ya kwanza ikatema maji, ya pili ikafuata, manake maji ya tangi yalikuwa yamepata joto kupita kiasi na kuna kiungo kilikuwa kinavuta hewa. Injekta ndiyo inayosukuma maji kuingia boila, zikikataa zote mbili huna la kufanya ila kuua moto. Fayamani, yule anayetunza moto na maji ya boila, alikuwa mzee, hakuuliza mtu, akafunga mafuta palepale. Msimamizi akaja juu anagomba kwamba wageni wamelipa. Nashukuru Mungu yule mzee alikuwa kiziwi kwa siku ile. Kijana asiyefundishwa angesema ngoja tumalizie hiki kilima.

Kwa hiyo mleta mada, unaposema liwashwe nakuuliza, nani atakuwa fayamani?

Mleta mada:
Shikamoo mzee wetu. Hilo swali lako ndiyo hoja yangu hasa! Huyo fayamani aliyefunga mafuta alifundishwa na nani? Na makumbusho yakikaa baridi miaka 20 atatoka wapi mwingine?

Makadara umetaja Uingereza, mi nakutajia Eritrea. Baada ya uhuru 1993 reli yao ya Asmara hadi Massawa ilikuwa imekufa, vyuma vyake viling'olewa vitani vikajengea mahandaki. Wakawaita wazee wastaafu wa reli, wengine wana miaka 70 na zaidi, wakarudi karakana wakatengeneza magarimoshi ya Ansaldo ya mwaka 1938 kwa mashine zilezile za zamani za kukereza, vijana wakawekwa pembeni yao wajifunze. Mwaka 2003 kilomita 118 zikaunganika tena mpaka baharini. Hawakuwa na milioni nne za pauni.

Mhandisi kijana:
Mimi naona kuna njia ya katikati ambayo hakuna anayetaka kuisema. Tunayo mawili. Shengena liwe ghala la spea, tutoe vinavyofaa tumpe Gelai. Kiwanda kilishakufa, basi kiwanda chetu ni Shengena. Hata mashirika ya ndege yanafanya hivyo na ndege zilizozeeka. Moja linaloishi ni bora kuliko mawili yaliyolala.

Mpare wa Same:
Hapana hapana hapana. Ndugu zangu wa Kenya naomba mnisikilize. Shengena ni mlima wetu, Upare Kusini, naamka nauona. Gelai nao uko huku kwetu, kaskazini karibu na Ziwa Natron. Hata lile jingine pale kwenu, 3020 Nyaturu, limebeba jina la watu wa Singida. Yale magarimoshi yalipewa majina ya milima na makabila ya nchi zetu tatu kwa sababu reli ilikuwa yetu sote, mpaka 1977 Jumuiya ilipovunjika kila mtu akabaki na kilichokuwa kwake siku ile. Babu yangu mzaa mama alikuwa kwenye genge la reli, alikuwa anabadilisha mataruma, na mpaka anakufa alikuwa anasema "reli yetu" akimaanisha kutoka Mombasa mpaka Kampala mpaka Kigoma.

Sipingi kutengeneza. Napinga kuchinja moja ulishe jingine. Yakiwa 34 ungechinja, hakuna ubaya, hata zamani karakana zilikuwa zinahamisha vifaa. Lakini yamebaki mawili duniani! Ukichukua kifaa cha Shengena kama mfano, ukipime, ukitengenezee kalibu usubu kingine, alafu ukirudishe mahali pake, hapo tunaelewana. Na mafundi watoke pande zote, wetu wa huku nao waitwe.

Mhandisi kijana:
Kaka nimekuelewa, hilo la kupima na kurudisha sikuliwaza, kwa kweli ni bora. Leo kifaa unaweza kukipima kwa kamera na kompyuta bila hata kukifungua sana. Naondoa neno la ghala.

Ila bado hamjajibu suala la njia. Hii mashine inakandamiza reli kwa tani 21 kila ekseli. Tangu SGR, ile reli mpya ya kisasa, ianze 2017 mizigo mingi imehamia huko, hii reli ya zamani haitunzwi kama wakati ule. Ukitengeneza Gelai likang'aa utalitembeza wapi? Labda vipande vifupi tu, na taratibu.

Mkaazi wa Makadara:
Mi bado sijahama lakini nasogea kidogo. Ya Eritrea sikuyajua. Sharti langu ni moja, kabla senti ya umma haijatoka tuonyeshwe kwa maandishi boila likoje ndani, kifaa kwa kifaa. Nimechoka na miradi inayoanza kwa kukata utepe alafu hesabu inakuja baadaye. Kama boila limeoza tuambiwe limeoza.

Na mzee, kuna kitu wengine hamkusema. Mashine za miaka ile si zilikuwa zinafungwa asbesto kuzunguka boila kuzuia joto? Hao vijana mnaotaka wajifunze watavuta ule vumbi?

Fundi mstaafu:
Umeuliza vizuri mwanangu. Ndiyo, magarimoshi ya miaka ile yalikuwa yanavikwa asbesto, sisi tuliitoa kwa mikono mitupu, leo baadhi ya wenzangu hawawezi kupanda ngazi. Kwa hiyo kabla ya spana kugusa kitu, ipimwe hiyo, na kama ipo itolewe na watu wenye vifaa vyao kamili. Hapo hakuna mjadala.

Alafu hatua ya pili haihitaji mamilioni. Bati la boila linapimwa unene kwa kile kifaa cha mawimbi ya sauti, doa kwa doa. Zile bolti zinazoshika ukuta wa tanuri na ukuta wa nje zinagongwa kwa nyundo moja baada ya nyingine, iliyokatika mlio wake ni mfu, sikio linajua. Baada ya hapo unalijaza maji baridi mpaka juu hewa yote itoke, unapandisha presha kwa pampu kupita ile ya kazi. Maji baridi hayajibani kama mvuke, palipo dhaifu patatoa machozi tu, hapatalipuka. Likivuja sana unalimwaga, unalikausha vizuri, linabaki makumbusho na kila mtu anajua sababu. Likishika, ndiyo turudi hapa tubishane kuhusu pesa na njia.

Vijana wawili wakitaka kuja kujifunza kugonga na kusikiliza, mimi bado nina nguvu za mikono. Na wakianza wasianzie juu kwenye kung'aa. Waanzie tumboni chini, ndiko maji yanakotuama.