Ushauri: Bibi aweke kidole gumba ili mjukuu achukuliwe na Wataliano?

Mwana_Maweni

Hamjambo wenzangu. Niko Malindi. Nina jambo limeninyima usingizi, naomba mwenye kuijua sheria anieleweshe.

Dada yangu alifariki akaacha mtoto wa kiume, sasa ana miaka sita. Baba yake mvuvi, yuko upande wa Kiunga, simu hupokea akijisikia. Mimi wakati huo nilikuwa kazi ya ndani Mombasa na mama yetu ni mzee, kwa hivyo mtoto akapelekwa kituo kimoja cha watoto hapa mjini. Tulikubaliana wamtunze na kumsomesha hadi tujipange. Hatukumtupa.

Kuna mume na mke Wataliano wana nyumba Casuarina, huja kila kaskazi. Wamempenda mtoto na siwalaumu, mwenyewe ana maneno matamu. Juzi meneja wa kituo akamwita mama, akampa karatasi ya Kiingereza aweke kidole gumba, eti ni mambo ya shule. Mama akasema hatii kidole mpaka mimi niione. Nimeisoma. Inasema baba na mama wote wamefariki. Tarehe ya kuzaliwa si yake. Kuna mstari mtupu wa kujaza kiasi cha "msaada kwa familia". Na pale pa kidole mtu ameshachora msalaba kwa penseli, bibi asikosee mahali.

Je, kidole cha bibi kinatosha mtoto kuasiliwa, yaani kufanywa mtoto wa watu wengine kisheria? Baba hana neno? Na tukikataa, tutakuwa tumemzibia riziki yake?

Ngarawa7

Wekeni kidole. Mtoto aende Milano asome, awe daktari, aje awajengee. Huku mnamwekea nini, mabuyu?

Karani_Mstaafu

Ngarawa7, bahati haianzi kwa kumuua baba kwenye karatasi.

Dada, nimekaa miaka mingi masjala ya mahakama hapa Pwani. Hiyo karatasi si ridhaa. Ni ushahidi, na mwenye kushtakiwa nayo si mama yako. Ipige picha uitunze, na karatasi yenyewe usiirudishe.

Wenye kutoa ridhaa ni wazazi, au mlezi anayetambuliwa na sheria. Baba yuko hai, basi lazima atafutwe na aulizwe. Mahakama inaweza kuiacha ridhaa ya mzazi, kwa mfano kama alimtelekeza mtoto au ametafutwa hakupatikana, lakini anayeamua hilo ni jaji baada ya kuona ushahidi. Meneja wa kituo hana mamlaka hayo, hata awe na mihuri kumi. Bibi naye hageuki mlezi wa kisheria kwa sababu tu ndiye aliyepatikana nyumbani.

Ridhaa yenyewe ina masharti. Iandikwe na ishuhudiwe. Anayeitoa aelezwe kwa lugha anayoielewa kwamba kuasiliwa kunakata uhusiano wa kisheria kati ya mtoto na wazazi wake wa kuzaliwa. Si kumpeleka shule ya bweni, likizo akarudi. Mtoto mwenye fahamu naye husikilizwa kwa kadiri ya umri wake. Hata mama aliyejifungua leo hawezi kutoa ridhaa leo leo, mtoto lazima awe ametimiza wiki sita. Na ridhaa iliyonunuliwa si ridhaa. Mkataba wa Hague wa 1993 kuhusu uasili wa kimataifa, ambao Kenya imejiunga nao tangu 2007, unasema ridhaa isiwe imetokana na malipo au fidia ya aina yoyote. Huo mstari mtupu wa "msaada" peke yake unaiharibu kesi nzima.

Halafu kuna jambo ambalo meneja bila shaka hakuwaambia. Novemba 2014 Baraza la Mawaziri lilisimamisha wageni kuasili watoto wa Kenya, kwa hofu ya biashara ya watoto, na 2019 likatoa agizo jingine la kuwazuia. Sheria ya Watoto ya 2022 imeandika utaratibu wa uasili wa kimataifa, lakini unapitia Baraza la Kitaifa la Huduma za Watoto, shirika la uasili lililosajiliwa na Mahakama Kuu. Mtu akikwambia mambo yataishia ofisini kwake, huyo anamuuza mtoto wenu.

Tafsiri_Pwani

Nimewatafsiria Wataliano hapa Malindi tangu ujana, niongeze la upande wao.

Kwao Italia mtu hamchagui mtoto ufukweni. Lazima kwanza mahakama yao ya watoto iwachunguze na itoe hati kwamba wanafaa kuasili, chini ya sheria yao nambari 184 ya 1983. Kisha waende kwa shirika lililoidhinishwa, na tume yao ya serikali ndiyo inayoruhusu mtoto kuingia na kukaa nchini. Wasipopita hapo, hata wakipata karatasi za huku, watakwama mlangoni kwao.

Na Mkataba huo aliousema Karani, kifungu cha 29, unakataza wanaotaka kuasili wasikutane kabisa na wazazi wa mtoto wala na yeyote anayemtunza kabla hatua za mwanzo hazijakamilika, isipokuwa wakiwa ni jamaa au mamlaka husika ya nchi ya mtoto iwe imeruhusu kwa masharti yake. Meneja ni mtunzaji. Kwa hivyo hata kikao chao cha kahawa na meneja kuhusu huyu mtoto ni kosa la utaratibu. Nina hakika wengine hawajui. Nimewahi kumweleza mama mmoja wa Kitaliano hili akalia, alidhani anatenda wema tu.

Abu_Nasri

Asalaam aleikum. Kama mtoto ni Mwislamu, dini inamtaka abaki na nasaba yake: "waiteni kwa baba zao", Sura ya 33. Kulea yatima ni jambo kubwa, kumbadilisha ukoo hapana. Sheria ya 2022 inaitambua kafala, yaani kumlea mtoto Kiislamu bila kumbadilisha ukoo, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unaitaja pia. Ila musiende kwa Kadhi kutafuta amri ya kuasili, Katiba imempa ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, si uasili.

Mama_Lamu

Mimi nimeasili mtoto hapa Lamu, mimi Mkenya na mume wangu Mkenya, na bado jasho lilitutoka. Wangu aliokotwa, kwa hivyo polisi waliandika OB, yaani kitabu chao cha matukio, wakatafuta jamaa, na kwa mtoto wa kuokotwa inangojwa miezi sita ndipo wanatoa barua ya pili kwamba hakuna aliyejitokeza. Ndipo shirika likamtangaza kuwa huru kuasiliwa. Tukakaa naye miezi mitatu mfululizo kabla ya kupeleka ombi. Afisa wa watoto akaja nyumbani, akafungua hadi mtungi wa maji. Kesi ikasikizwa Garsen.

Sasa linganisha na kidole kimoja na penseli.

Ngarawa7

Haya nimeelewa. Lakini ada ya shule nani atalipa? Hilo hamjibu.

Karani_Mstaafu

Swali zuri. Mtaliano anaweza kumlipia mtoto ada bila kumuasili, wengi wanafanya hivyo. Alipe shuleni moja kwa moja, risiti ije kwa familia. Wakipenda mtoto kweli watakubali. Wakiudhika, umeshawajua.

Na dada, sheria inataka mtoto kwanza atafutiwe nafasi kwa jamaa zake, halafu kwa familia nyingine ya hapa nchini. Ng'ambo ni mwisho kabisa. Wewe ni mama yake mdogo. Umeshatoka Mombasa? Unaweza kuomba ulezi wa kisheria. Kuasili pia unaweza kuomba ukitimiza masharti ya sheria, lakini hata hapo baba ataulizwa.

Kituo nacho waulizeni amri ya mahakama iliyomweka mtoto pale. Bila amri hiyo hawana haki ya kukaa naye, isipokuwa kwa dharura ya muda mfupi.

Mwana_Maweni

Nimeshatoka Mombasa, nina kibanda cha chapati Barani. Leo nimempata baba yake, kapandwa na hasira: "Mimi nimekufa lini?" Kesho anapanda gari kuja Malindi. Amri ya mahakama hatujawahi kuiona. Tuanze polisi au kwa afisa wa watoto?

Mama_Lamu

Afisa wa watoto wa kaunti ndogo kwanza, nyote watatu, bibi msimwache nyumbani. Bebeni kitambulisho cha baba, cheti cha kifo cha marehemu, cheti cha kuzaliwa cha mtoto au kadi yake ya kliniki, na ile karatasi. Afisa atawapeleka polisi mwenyewe mkaandikishe OB, mdai nambari yake. Kituo wakijaribu kumhamisha mtoto kabla hamjafika, pigeni 116, hailipiwi, inapokewa usiku na mchana. Na karatasi itoeni kopi kabla ya kumkabidhi mtu yeyote.