Mjadala: Arthur Wint alikuwa kibaraka wa mkoloni?

Wadau, kila tukizungumzia watu weusi waliopigania Uingereza katika Vita Kuu ya Pili, hoja ni ileile: walikuwa vibaraka, walimfia mtu aliyewakalia kichwani kwao. Mimi naipinga, na mfano wangu ni Arthur Wint wa Jamaika, rubani wa vita na mkimbiaji.

Hadi Oktoba 1939, asiye na asili ya Kizungu tupu hakuruhusiwa kuwa ofisa wa Jeshi la Anga la Uingereza. Sharti hilo liliondolewa vita vilipowabana, si kwa huruma. Wint, kijana mrefu mno na mkimbiaji aliyekwisha kujulikana kwao, akapelekwa Kanada kujifunza, akafuzu urubani. Jeshi lililowafungia mlango watu wa rangi yake likamkabidhi ndege. Huo ndio ukibaraka?

Mwaka 1947 akaacha jeshi, akaingia hospitali ya St Bartholomew's, London, kusomea udaktari. Mwaka uliofuata, Olimpiki ya Wembley, fainali ya mita 400: Herb McKenley, Mjamaika mwenzake aliyetabiriwa kushinda, alifyatuka kama mshale na kuongoza hadi wanaingia mita za mwisho. Wint hakubabaika. Alizidi kunyoosha zile hatua zake ndefu, akampita utepe ukiwa karibu. Sekunde 46.2, dhahabu ya kwanza ya Jamaika, na nchi ilikuwa bado koloni! Kwenye fainali ya kupokezana vijiti, mita 400 mara nne, msuli ulimkaza, mbio zikaharibika. Wajamaika wakalipiza Olimpiki ya Helsinki 1952: Wint, Laing, McKenley na Rhoden, dakika 3 na sekunde 3.9, rekodi ya dunia, Wamarekani nyuma kwa sehemu moja tu ya kumi ya sekunde.

Halafu akarudi kwao, akatibu watu wa Hanover, wilaya ya Jamaika, kwa miaka mingi. Mwaka 1974 akawa balozi wa Jamaika huru palepale London. Kibaraka gani huyo?

Nakiri hoja moja ya upande wa pili inaniuma. Askari wetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki) walipigana Burma, na wale wa Kenya waliporudi walikuta kipande, kile kitambulisho cha lazima kwa Waafrika, kinawasubiri. Dhuluma ile haisameheki. Lakini deni ni la Uingereza, tusimbebeshe aliyevaa sare.

Sasa nyinyi mnaomwita kibaraka, nijibuni: mwaka 1940, Hitler ameshaitwaa Ufaransa, mngemshauri kijana mweusi wa Jamaika afanye nini?